SOMO LA BIOLOJIA: KUCHA ZA PAKA, ZIKATWE AO ZIACHWE?



Somo hili halikutoka katika programu ya mwaka. Limetoka katika depo ya chakula. Wote mnamjua paka wa depo, yule wa rangi ya majivu mliyemwita Kapita, kwa sababu anazunguka kati ya magunia ya maharagi asubuhi na jioni kama kapita wa shamba anayehesabu watu wake. Ndani ya mwezi mmoja Kapita amekwaruza watoto watatu wa interna. Wa kwanza alimkanyaga mkia gizani. Wa pili alitaka kumwogesha, Mungu anajua kwa nini. Wa tatu alimfungua kinywa kusudi awaonyeshe wenzake meno yake. Nyuma ya huyo wa tatu, wakubwa wa vyumba walifanya mkutano, na kesho yake wakaja kuningoja kwenye mlango wa darasa.

– Mwalimu, ile paka itatumaliza. Tunawaza tuishike, tuitoshe makucha yote na pinse. Kiisha itakuwa paka ya muzuri.

– Na maharagi, nani atayalinda?

– Si itabakia na meno, mwalimu?

Niliwaomba wangoje bulletini yetu itoke. Vijana hawa si wabaya, nawafahamu. Lakini walitaka kufanya jambo baya sana bila kujua, na katika nyumba zetu wengi hawajui zaidi yao. Basi wenye haraka wachukue jibu hapa: kucha za paka hazing'olewi hata siku moja. Paka anayetembea nje na kufanya kazi hakatwi kucha. Paka anayefungwa ndani na paka mzee, hao wanakatwa ncha tu, kidogo. Wengine tuendelee pamoja.

UKUCHA WA PAKA NI KITU GANI

Mkimpata paka aliyelala vizuri, mshike mguu wa mbele pole pole. Hamtaona kucha, mtaona manyoya na nyama laini ya chini. Sasa bonyeza kidole kimoja kwa juu na kwa chini, pamoja, bila nguvu. Ukucha unatoka wenyewe, kama panga inayotoka katika ala yake. Ukiacha kubonyeza, unarudi.

Watu wengi wanafikiri paka akipumzika anazuia kucha zake ndani kwa nguvu. Ni kinyume. Mfupa wa mwisho wa kidole unavutwa nyuma na mishipa inayonyumbuka kama mpira, kwa hiyo pahali pa kawaida pa ukucha ni ndani. Ili autoe, ndipo paka anatumia nguvu ya misuli. Faida yake ni mbili: anatembea bila sauti, na ncha haigusi mawe, inabaki kali. Mbwa hana ala hiyo. Msikilizeni mbwa akipita juu ya simenti ya veranda, ta-ta-ta-ta, kucha zake zinagonga chini na kwa sababu hiyo zinaisha zenyewe. Paka akipita, panya hasikii kitu. Chui naye ana kucha za namna hii hii, hata na yule paka wa dhahabu anayeishi katika misitu mikubwa ya Kongo. Kwa jambo hili Kapita ni ndugu yao mdogo.

Hesabu yake ni 18. Mguu mmoja wa mbele una 5, wa nyuma una 4. Ule wa tano wa mbele uko juu kidogo, upande wa ndani, pahali ambapo sisi tuna kidole gumba. Ukumbuke huo ukucha, tutarudi kwake, kwa sababu haugusi chini paka anapotembea na ndio unaoleta taabu nyingi.

Jambo la kushika zaidi ni hili: ukucha wa paka haukutiwa juu ya ngozi kama kofia juu ya kichwa. Umeota juu ya mfupa wa mwisho wa kidole. Ndani yake, tangu shina mpaka karibu na nusu ao zaidi, kuna nyama hai yenye damu na mishipa ya kuhisi. Paka mwenye kucha nyeupe, ukimwangalia kwenye mwanga wa jua, utaiona hiyo nyama: ni rangi ya waridi, kama pembe tatu ndogo. Nje yake ni ganda tupu lisilo na maumivu, sawa na kucha zetu za mkono.

Basi mtu anayeng'oa ukucha na pinse hang'oi kitu kama nywele. Anavunja mwisho wa kidole. Hata wale waliofanya kazi hiyo hospitalini, kwa dawa ya kulaza na kisu safi, walikuwa wanakata mfupa wa mwisho wa kila kidole. Ni kama kukata vidole vyako kumi kwenye kiungo cha mwisho. Huko Marekani watu wengi walifanyiza hivyo kwa miaka mingi kusudi viti vyao vya kitambaa visipasuke. Mapatano ya nchi za Ulaya juu ya wanyama wa nyumbani, yaliyofanywa Strasbourg mwaka 1987, yalikataza kazi hiyo, na jimbo la New York likaikataza mwaka 2019. Sisi tusianze pahali ambapo wengine wameacha, tena na pinse ya fundi wa baiskeli.

KWA NINI ANAPARUA MILANGO

Ekonome wetu ananung'unika kwamba Kapita ameharibu mlango wa depo. Nimeutazama, ni kweli, ubao wa chini umekuwa kama mtu aliupiga reki. Wengi wanasema paka ananoa kucha kama mama anavyonoa kisu juu ya jiwe. Si hivyo kabisa. Ninyi wa Miti mnajua shina la mgomba: ganda la nje linazeeka, linakauka, linaanguka, na chini yake kuna ganda lingine jipya. Ukucha wa paka ni vivyo hivyo. Akiparua, ganda la zamani linachomoka na jipya lenye ncha linaonekana. Chini ya ule mlango nimeokota maganda manne, matupu, mepesi, yamepinda kama ukucha mzima. Mwanafunzi mmoja aliyeyaona alifikiri paka anapoteza kucha kwa ugonjwa. Hapana, ni afya. Kucha za nyuma paka hazipariwi kwenye mlango. Hizo anavuta maganda yake kwa meno, mmoja mmoja.

Anaparua pia kwa kujinyosha mgongo na mabega akiamka, na kwa kuacha harufu yake, maana chini ya miguu yake kuna vitu vidogo vinavyotoa harufu ambayo sisi hatusikii lakini paka mwingine anaisikia na kuelewa kwamba hapa pana mwenyewe. Kwa hiyo fimbo haitamwachisha. Ukimpiga ataparua usiku, usipokuwapo.

Dawa ni kumpa kitu chake. Kipande cha mti chenye ganda la kukwaruza, grevilea kwa mfano, kirefu kuanzia sentimeta 80 mpaka 90, kusudi asimame juu ya miguu ya nyuma na ajinyoshe wote. Kisimame imara, kikitikisika mara moja tu paka atakiacha na kurudi mlangoni. Ao ukizungushie kamba ya katani, ao kipande cha gunia kuukuu kilichopigiliwa misumari vizuri, vichwa vyake visitokeze. Kikae karibu na pahali anapolala. Wengine wanakificha nyuma ya nyumba kwa sababu hakipendezi macho ya wageni, kiisha wanasema paka ni mjinga.

PAKA NA CHAKULA CHA WATU

Nimeulizwa pia kama Biblia inasema kitu juu ya paka. Katika vitabu 66 tunavyosoma hatajwi hata mara moja, ijapokuwa simba na chui wametajwa mara nyingi. Lakini Mezali 12:10 inaonyesha kwamba mtu wa haki anajali maisha ya mnyama wake, na haisemi ni ng'ombe tu. Na mnajua kisiwa cha Kipro, ambacho Paulo na Barnaba walipita katika safari yao ya kwanza. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kwamba katika kisiwa hicho walikuta kaburi la mtu, na karibu naye paka amelazwa vizuri, la zamani kuliko miaka 9000. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wake wa pori. Basi watu walivuka naye bahari katika mtumbwi. Kwa nini wambebe? Kwa sababu walikuwa wameanza kulima na kuweka nafaka, na nafaka inaita panya. Kazi ya Kapita katika depo yetu si ya jana.

Na anaifanya kwa kucha. Meno yanaua, lakini kucha ndizo zinazokamata. Paka asiye na kucha anaruka juu ya panya kama mtu anayedaka mpira wa sabuni. Tena mbwa akimfukuza hapandi mti. Mwenye kutaka maharagi yasitobolewe na paka asiye na kucha ni kama mwenye kumwambia mkulima alime, kiisha amnyang'anye jembe.

NANI ANAHITAJI KUKATWA

Paka anayezunguka nje, anayepanda miti na kuwinda, kucha zake zinajitunza. Usimguse. Kapita yumo katika hesabu hii.

Lakini mnawaona wale paka wa butiki, amefungwa kamba shingoni karibu na magunia ya unga, juu ya simenti, tangu asubuhi mpaka usiku. Hana mti, hana mlango wa kuparua, kamba yake ni nusu meta. Kucha zake zinakua bila kuachana na maganda. Ningetaka kwanza wenye butiki wafungue kamba usiku, maana panya wanatembea usiku na paka aliyefungwa anawaangalia tu. Kama hawawezi, basi watazame kucha zake kila nyuma ya juma mbili ao tatu na kukata ncha.

Halafu kuna paka mzee. Huyo anaacha kuparua kwa sababu viungo vinamuuma. Kucha zinakuwa nene, hazirudi vizuri ndani, na ule wa tano, usiogusa kitu, unaendelea kukua na kupinda, kupinda, mpaka umefanya duara na kuingia katika nyama ya mguu wake mwenyewe. Hapa ninapaswa kuwaeleza jambo nililoliona, ingawa halinipi sifa.

Mwaka 2014 nilikuwa nafundisha katika kijiji kingine cha teritwari hii ya Kabare. Karibu na nyumba niliyopanga aliishi koko mmoja, mjane, pamoja na paka jike mweusi aliyekuwa ameishi naye zaidi ya miaka 12. Msimu ule wa mvua paka alianza kulia usiku. Mchana alijificha chini ya kitanda. Akitoka alitembea kwa miguu mitatu, ule wa nne ameukunja kifuani. Nyumba ya pili kulikuwa na mtoto mwenye homa ambayo haikuisha. Ninyi ni wa hapa, hamhitaji niwaeleze namna neno linavyotembea. Kwenye kisima wamama walisema: ile paka ya koko haiko paka. Kiisha wakasema: na koko mwenyewe? Tumesikia mara ngapi, hapa Kivu, ya wazee waliofukuzwa, ao waliochomewa nyumba, ao zaidi ya hayo, kwa neno lililoanza hivyo. Vijana wawili walisema wazi kwamba siku ya posho wataua paka, halafu wataona.

Koko aliniita jioni. Hakuniita kwa sababu ya paka.

– Baba mwalimu, uniandikie barua. Mtoto wangu wa Bukavu akuje anitwale. Hapa sitakala tena.

Nilikaa kuandika, na nitasema ukweli: mimi mwenye diploma, niliyefundisha biolojia asubuhi ile ile, nilipokuwa nikisikia kile kilio usiku nilivuta bulangeti juu ya kichwa. Nikiwa katika mstari wa tatu wa barua, paka alitoka chini ya kitanda na kuja kwenye joto la moto. Aliweka ule mguu karibu na taa. Nikaona kitu cheusi kimeingia katika nyama ya mguu, na usaha. Nilifikiri ni mwiba. Nikauvuta. Paka alinipasua mkono kutoka hapa mpaka hapa, nami nilistahili.

Kesho yake nilimtafuta munganga wa wanyama aliyekuwa akitunza ng'ombe upande ule. Alimfunga paka katika kitenge cha koko, akauacha mguu mmoja tu nje, akaangalia, akacheka kidogo. Alikata ule ukucha kwenye upinde, akauchomoa ndani ya nyama, akaosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akamchoma sindano moja ya dawa. Dakika kumi hazikufika. Lakini aliyoyafanya kiisha ndiyo ninayoyakumbuka zaidi. Alitoka mpaka uani, akaita majirani, na wale vijana wawili pia, akawaonyesha kile kipande katika kiganja chake: kimepinda kabisa kama ndoana ya samaki, ncha ina damu. Akawaambia kila mmoja akishike.

– Ni hii tu? kijana mmoja akauliza.

– Tia mwiba hivi ndani ya mguu wako mwezi mzima, ulale bila kulia, kiisha uniulize tena.

Usiku wa tatu paka hakulia. Mtoto mwenye homa alipelekwa kituo cha afya, ilikuwa malaria. Si watu wote waliamini, kuna mama mmoja aliyeendelea kupita upande mwingine wa njia mpaka nilipohama. Lakini ile siku ya posho ilipita kama siku zingine, na barua sikuimaliza.

Mwenye paka mzee nyumbani kwao, hasa nyumbani kwa nyanya yake ambaye macho yake hayaoni vizuri, likizo ijayo atazame miguu yote minne. Akikuta ukucha umekwisha kuingia katika nyama, asiuvute kama nilivyovuta mimi. Amwite mtu wa huduma ya mifugo. Tena asimpe paka parasetamoli ya watu kwa kutuliza maumivu: kidonge kimoja tu kinaweza kumwua.

NAMNA YA KUKATA

Ukucha mrefu ambao haujaingia katika nyama, huo unaweza kuukata mwenyewe. Kile chuma kidogo cha kukatia kucha za watu ambacho wachuuzi wanabeba pamoja na vitana kinatosha, kama ni kikali. Wembe, hapana, unateleza. Pinse inaponda. Makasi butu inapasua ukucha kwa urefu.

Uchague saa ambayo paka amekula na usingizi unamshika. Mwanzo wa kazi hii ni siku tatu ao nne za kumzoeza tu: unashika mguu, unabonyeza kidole, unaachilia, unampa kichwa cha sambaza. Hukati kitu. Mtoto wa paka akizoezwa hivi hataleta vita akiwa mkubwa. Siku ya kukata muwe wawili, mmoja ameshika, mwingine anakata, na mlango ufungwe. Kama ni mkali mfunge katika kitenge, kichwa na mguu mmoja vikiwa nje.

Bonyeza, ukucha utoke. Tafuta ile nyama ya waridi. Unakata ncha peke yake, ile inayopinda, na kati ya makasi yako na nyama ubakishe milimeta 2 ao zaidi. Kucha zikiwa nyeusi huwezi kuona ndani, basi kata kidogo kabisa, kama ncha ya kalamu ya bic. Ukikata kidogo mno hakuna hasara, utarudi juma lijalo. Ukikata mno utatoa damu na paka hatakusahau. Kucha za mbele zinatosha, usisahau ule wa tano. Si lazima umalize zote 18 siku moja. Kata tatu, umwache aende zake, kesho kata nyingine.

Damu ikitoka usipige kelele. Chovya ncha katika unga mkavu wa mahindi, bonyeza kwa kitambaa safi kwa dakika chache, itasimama. Usitie majivu wala petroli, nimeona yote mawili.

Kwa njia hiyo hiyo, wale wanaofuga dende kwa kutafuta minerval wasome mistari hii mara mbili. Dende ana kucha 14, nne kwa kila mguu wa mbele na tatu kwa wa nyuma, hazina ala, na dende mzee anayelala siku zote juu ya majani laini kucha zake zinapinda mpaka anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya baba yake. Zinakatwa vile vile, ncha tu.

UKIKWARUZWA

Hapa sitaki mchezo. Wale watoto watatu, mmoja tu alikuja kuonyesha mkono wake. Wengine wawili waliufunga na kitambaa cha mfukoni.

Mkwaruzo wa paka, hata mdogo, unaoshwa kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Si kumwagia kikombe kimoja. Dakika 15 ni muda wa kuimba nyimbo nne za kitabu chetu bila kuruka aya. Sababu ya kwanza ni raje, yaani kichaa cha mbwa. Hapa kwetu mbwa ndiye anayeuleta zaidi, lakini paka aliyeumwa na mbwa anaupata pia, na uko katika mate. Paka analamba kucha zake siku nzima. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja yule mtoto Joseph Meister aliyeumwa na mbwa, kuna chanjo inayookoa, lakini inaokoa mbele ya ugonjwa kuonekana. Ukionekana, karibu kila mtu anakufa. Basi osha, kiisha nenda kituo cha afya siku ile ile, useme ni paka gani: mnamjua ao hamumjui, alichokozwa ao alikurukia bila sababu, amebadilika tabia ao hapana. Munganga ataamua, si wewe, wala si rafiki yako wa kitanda cha juu. Na msimwue yule paka wala kumfukuza. Afungwe pahali na aangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, wala hakuwa na raje siku aliyokukwaruza.

Sababu ya pili ni microbi mmoja anayeishi katika damu ya paka na kuhamishwa na viroboto. Mavi ya kiroboto yanabaki chini ya kucha, na paka akikukwaruza yanaingia. Nyuma ya juma moja ao mbili, pahali pa mkwaruzo panavimba kidogo, na tezi za kwapani ao shingoni zinavimba, pamoja na homa. Kwa mtu mwenye nguvu mara nyingi unaisha wenyewe. Kwa mtu ambaye mwili wake umelegea kwa ugonjwa mwingine unaweza kuwa mkali. Kwa hiyo kumwondolea paka viroboto ni sehemu ya kutunza kucha zake. Na pepopunda: uliza nyumbani kama chanjo zako zimekamilika.

Sasa juu ya Kapita. Nimezungumza na ekonome. Jumamosi hii nyuma ya kazi za mikono, wale wakubwa wa vyumba waliokuja kwangu wataleta kipande cha grevilea, tutakipigilia ndani ya depo, upande wa kushoto wa mlango, karibu na magunia matupu anapolala. Wataleta na misumari. Pinse ninaomba waje nayo pia, itatusaidia kupinda vichwa vya misumari. Mtoto wa interna asiingie depo bila taa, na asimshike paka kinywa. Hao watatu waliokwaruzwa, pamoja na yule aliyekwisha kunionyesha mkono, wanipate leo mbele ya sala ya jioni, twende pamoja kwa munganga. Nitawangoja kwenye veranda.